Ndege anayeficha watoto chini ya mbawa pale bwawani: ni mama au ni baba?

Mama_Jaruba:

Assalaam aleikum jamaa wote. Nisaidieni, maana suala la ndege limeshaingia ndani ya nyumba yangu na mume wangu anatamba nalo mpaka barazani.

Miye ni mkulima wa mpunga huku Kaskazini Unguja, bondeni, si mbali na Kinyasini. Majaruba yangu yako chini kabisa ya tuta la bwawa la umwagiliaji. Mgongo ukichoka kwa kupalilia napanda tutani, nakaa kwenye kivuli cha mnazi, natazama maji. Upande wa mlango wa kufungulia maji kuna kina, hakuna kitu ila upepo. Upande wa juu, maji yanakoingilia, ni mayungiyungi matupu na matete pembezoni, na huko ndiko wanakoishi wenyewe.

Kuna ndege mmoja wa huko ambaye sijamsikia mtu wa hapa akimtaja kwa jina. Kwa umbo hamzidi njiwa sana. Mwili hudhurungi iliyokolea, shingo mbele nyeupe, kisogo cheusi, kifuani ana umanjano, na juu ya mdomo ana kibamba cha buluu kilichopanda mpaka kwenye paji la uso. Vidole vyake sasa! Virefu kuliko haja, na kucha nazo ndefu. Anavitandaza juu ya jani la yungiyungi, jani linabonyea, na kabla halijazama yeye ameshahamia la pili.

Bwawa lilijaa kwa masika haya, na mvua zilipopungua wakaanza kujenga. Nasema kujenga kwa heshima tu. Kiota ni rundo la majani mabichi na yaliyooza, limelala juu ya maji, limelowa, ukilitazama unasema hili halifiki kesho. Ndani yake mayai manne. Niliyaona kwa karibu nilipopanda kidau cha kijana anayevua perege: rangi ya kahawia, yanang'aa, yamechorwa mistari myeusi iliyopindapinda ovyo, hakuna yai lenye mchoro wa mwenzake.

Ugomvi wenyewe uko hapa. Mwenye kuatamia ni mmoja, mdogo wa umbo. Yupo mwengine mkubwa kumshinda, mbabe, akija ndege mgeni anamfukuza kwa makelele mpaka nje ya mayungiyungi. Huyu mkubwa haatamii. Anakuja, anatazama, anakwenda zake. Na ng'ambo ya pili ya bwawa yupo mdogo mwengine mwenye kiota chake, na yule mkubwa anakwenda kwake vilevile. Mume wangu alipoyaona hayo alicheka mpaka magharibi. "Umeona? Dume lina wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, na zamu zinagawika sawa." Akaenda kuyasema barazani. Sasa wanaume wa mtaa mzima wakitoka kuswali alasiri wanapanda tutani kumwangalia shujaa wao.

Mie moyo wangu haukubali, ila sina hoja.

Vifaranga wameshaanguliwa kwenye kiota cha upande wangu, na nilichokiona mchana mmoja ndicho kilichonifanya niandike. Kunguru wawili walitua kwenye matete. Yule mdogo akatoa sauti ya kukwaruza, akachutama, akaachanisha mbawa kidogo na mwili. Vifaranga waliokuwa wametawanyika kwenye majani wakamkimbilia, wakajipenyeza, wawili kulia na wawili kushoto. Akabana mbawa, akasimama, akaanza kutembea taratibu kuelekea katikati ya maji. Miguu yao ikawa imening'inia nje chini ya mbawa, mirefu na myembamba, kama ncha za ukindu kwenye mkeka ambao haujapunguzwa. Ukihesabu, ndege mmoja ana miguu kumi! Kunguru walibaki wanageuza vichwa. Alipofika mbali akachutama tena, watoto wakamwagika juu ya majani, wakaendelea kudonoa.

Basi nauliza. Huyo mlezi ni mama au ni baba? Mbona sijamwona hata mara moja akimtia mtoto chakula mdomoni, wanakula nini? Na lenye haraka zaidi: kamati yetu ya maji inafungua mlango wiki ijayo ili tupandikize. Maji yatashuka. Mpwa wangu anataka tuwachukue vifaranga tuwafuge ndani ya beseni mpaka wakue. Nimemzuia kwa sasa, lakini beseni ameshalisugua.

---

Pweza_wa_Nungwi:

Bi, wewe usilete jibu nyumbani kabla mzee hajaweka dau. Akishinda yeye unampikia biriani la kuku wa kienyeji, ukishinda wewe doti mbili za kanga. Andikishaneni mbele ya mashahidi ndipo wataalamu waseme.

---

Mwanachuo_Tunguu:

Shikamoo mama. Pweza kakushauri vizuri, dai kanga zako.

Ndege huyo ni sile-maua, na mambo ni kinyume cha yanayosemwa barazani. Yule mkubwa mbabe ndiye jike. Wale wadogo wawili, kila mmoja na kiota chake, ni madume. Yaani mwenye nyumba mbili ni bibi, na anayelala na mayai na kuhangaika na watoto ni baba.

Watu wengi hukosea kwa sababu jike na dume wa sile-maua wana rangi moja, hakuna jogoo mwenye manyoya ya kujionyesha. Tofauti ni umbo tu: jike humzidi dume waziwazi, wakisimama pamoja huhitaji darubini. Jike ndiye anayelinda eneo na kupigana na majike wenzake. Ndani ya eneo lake wanaweza kuwamo madume zaidi ya mmoja, na kila dume ana sehemu yake ya mayungiyungi. Jike humtagia huyu mayai yake, kwa kawaida manne, halafu huenda kumtagia yule. Akishataga, kazi yake kwenye kiota hicho imekwisha. Dume huatamia peke yake wiki tatu na ushei, halafu hulea.

Utauliza kwa nini wamegeuza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: kiota cha aina ile, kama ulivyosema mwenyewe, hakina dhamana. Maji yakipanda ghafla kinazama, kenge akipita kimekwisha. Jike ambaye hakufungwa na kuatamia anabaki na nguvu za kutaga tena upesi, na dume aliyepoteza mayai anapata mengine bila kungoja msimu mwengine. Kwa ndege anayeishi juu ya maji yanayopanda na kushuka, huo ni mpango mzuri sana.

Mbawa zenyewe zimeumbwa kwa kazi ile. Kwenye bawa la sile-maua kuna mfupa mmoja uliopanuka na kuwa bapa, kwa hiyo anapobana mbawa kifaranga hukaa imara. Na hazianzi kutumika siku ya kuanguliwa. Wakati wa kuatamia dume huziingiza mbawa chini ya mayai, yakawa yamekaa baina ya bawa na mwili, hayagusi majani yaliyolowa. Ndiyo sababu rundo lile la ovyo linatosha.

Kuhusu chakula: hujamwona akilisha kwa sababu halishi. Vifaranga wa sile-maua hutoka kwenye yai wakiwa na manyoya mororo, macho yamefunguka, na muda mfupi baadaye wanatembea na kudonoa wenyewe wadudu na viluwiluwi vya mbu kwenye majani. Baba anawaongoza penye vidudu, anawafunika mvua ikinyesha au jua likiwa kali, anapiga kelele ya hatari. Kutafuna kila mtu na lwake. Na wana hila nyengine, labda utaiona: wakishtuliwa na baba yuko mbali, hujizamisha majini wakaacha ncha ya mdomo tu juu. Mtu anasema wamezama wote, kumbe wapo palepale wanapumua.

Kwa hiyo beseni hapana, mama. Watakufa. Huwezi kumkusanyia kifaranga wadudu wadogo wote anaowaokota tangu asubuhi mpaka jioni, na usiku hana pa kujipasha. Wakiachiwa baba yao, wiki tano sita hivi wataanza kuruka. Wakianza kuota manyoya yao usishangae kuwaona hawana buluu usoni, na kifua na tumbo ni vyeupe. Huyo ni mtoto, si aina nyengine.

(Kisiwani Madagaska yuko nduguye, mwenye rangi za shingo zilizogeuzwa: kisogo cheupe na mbele kweusi. Tabia ni ileile. Naandika haya kwa kuwa napenda tu.)

Swali la kufungua maji ni gumu kwangu. Labda wakulima wenzako.

---

Wa_Konde:

Salaam kutoka Pemba. Mimi sina sile-maua karibu lakini nina yangeyange, nao ni kioja cha aina nyengine, nikaona niwape mlinganishe.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe mkubwa na yangeyange wameuhamia kuzalia. Huku mume na mke wote wanaatamia, wanapokezana. Makinda yao yanatoka kwenye yai dhaifu, hayawezi hata kusimama, na yote yanategemea kutapikiwa. Mzazi akirudi kutoka kwenye ng'ombe na mashamba, kinda linamshika mdomo na kuuvuta chini mpaka panzi watoke. Makelele yake usiniulize. Harufu nayo, mama yangu ameacha kuanika nguo upande ule.

Kinachoniumiza ni kuwa mayai hayaanguliwi siku moja. Wa kwanza anakuwa ameshakula mara nyingi kabla wa mwisho hajatoka, na wa mwisho ndiye anayepigwa na kunyang'anywa. Nimeokota wa mwisho chini ya mwembe kila msimu. Nikimrudisha juu anadondoshwa tena. Kwa hiyo Mama Jaruba, baba huyo wa kwako anayewabeba wote wanne kwa pamoja, mie namuona mtu wa maana sana. Mkubwa wake asitembelee tu, amletee zawadi.

---

Mzee_wa_Tuta:

Waaleikum salaam. Bi Jaruba, la maji niulize miye. Nimefungua na kufunga milango ya maji bonde la Cheju miaka mingi, na kazi ile mchana kutwa uko peke yako na ndege, unawajua upende usipende.

Kwanza shukuru kwamba wameshaanguliwa. Mayai ndiyo ya kuogopa. Rundo lile linaelea mahala pake; maji yakishuka linakaa juu ya tope, na tope likianza kukauka kenge anakuja kwa miguu, nguchiro anakuja, paka wa mtaani anakuja. Sile-maua hawekezi kwenye kiota madhubuti, anawekeza kwenye kuzungukwa na maji. Ukiyaondoa maji umemfungulia adui mlango. Dume wa ng'ambo ya pili, wewe hukusema kama naye ameangua au bado. Kamuangalie kabla ya kikao cha kamati, yeye ndiye mwenye shida kuliko huyu.

Vifaranga wanaotembea wanaweza kumfuata baba yao kila maji yanaporudi nyuma, maadam kunabaki majani yanayoelea. Kwa hiyo mnachotakiwa si kuacha kufungua. Mpunga nao ni roho ya mtu. Fungueni kidogo kidogo. Mlango ukiufungua wote kwa pupa, maji ya juu yanakimbia kwa siku mbili tatu, mayungiyungi yanalala chali kwenye tope, na huko chini mitaro ya udongo inabomoka kingo halafu mnatafutana mchawi. Fungueni nusu, asubuhi, mtu awepo. Wacheni dimbwi upande wa juu, lile ambalo kwa kawaida halishuki mpaka mwisho. Na msifungue leo mkafunga kesho mkafungua keshokutwa: maji yanayopanda na kushuka yanaua zaidi kuliko yanayoshuka moja kwa moja.

Pili, kunguru. Hawa si wa kwetu, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ati waje kusafisha taka za mji, na mji haukusafika na kunguru wakabaki. Wameshapigwa vita na sumu zaidi ya mara moja na bado tunao. Kunguru haji bwawani kwa ajili ya sile-maua. Anakuja kwa matumbo ya samaki. Huyo kijana wako wa perege anapasulia wapi samaki wake? Nakuhakikishia ni pale pale upande wa juu, kwenye kivuli, kwa kuwa pana hewa. Matumbo anayatupa ukingoni, kunguru wanazoea, wakishiba matumbo wanatazama pembeni. Mwambieni apasulie nyumbani au ayafukie. Hili peke yake litafanya kazi kubwa kuliko dua za wanawake wote wa bondeni.

Tatu, hao wanaume wa baraza. Nasema kwa heshima ya mzee mwenzangu, mumeo. Watu kumi wakisimama tutani, baba anaacha watoto na kuja kupiga kelele upande wa watu, na kunguru hana haja ya kutafuta tena, anatazama mnapotazama. Wakae chini. Wakae chini ya mnazi kama wewe, wasinyooshe vidole.

Baada ya yote haya kuna jambo watu hawalijui. Sile-maua mzima naye hufika wakati akapukutisha manyoya ya kurukia yote kwa mpigo, kwa muda hawezi kuruka. Vijana wetu walikuwa wakimwona anakimbia tu juu ya majani wakadhani ni mgonjwa, wakamfukuza kwa mitumbwi mpaka wakamkamata. Si mgonjwa. Anangoja mbawa mpya. Wawekeni watoto wenu wa skuli wajue.

Na tuta lenu lina wale ndege chekeamwezi? Usiku wanapiga filimbi inayopanda halafu inafifia. Kama wapo, msiwasahau. Wao hutaga chini kwenye udongo mtupu, mayai mawili, pembeni ya maji, na wanalinda mke na mume. Sile-maua anauliwa na maji, chekeamwezi anauliwa na mashine ya kufyekea majani. Kila tuta linapofyekwa wanapata hasara na hakuna anayejua, kwa sababu yai lake lina rangi ya udongo.

---

Pweza_wa_Nungwi:

Mzee, jee, na kwetu ufukweni? Tuna vitwitwi elfu wakati wa kaskazi na sijaona hata kiota kimoja.

---

Mwanachuo_Tunguu:

Kaka, wengi wa vitwitwi unaowaona ufukweni ni wageni. Wanazalia mbali kaskazini ya dunia, Siberia na maeneo ya baridi, wakati huko ni kiangazi chao, halafu wanakuja kwetu kula. Kwa hiyo utaona ndege wengi na viota hakuna. Wanaobaki mwaka mzima wakati wenzao wameondoka mara nyingi ni vijana ambao hawajafikia kuzaa. Mama Jaruba ana bahati ya kuishi na wenyeji.

---

Mama_Jaruba:

Nimerudi, na nina habari.

Kwanza la nyumbani. Nilifuata ushauri wa Pweza, dau likawekwa mbele ya wifi yangu na jirani. Nilipomsomea mume wangu majibu ya mwanachuo alinyamaza kidogo, akasema wale madume wana subira ya kupigiwa mfano. Kanga nimeshachagua, jina lake nimeliacha wazi msije mkasema namsuta. Barazani ndiko habari ilikokaa vibaya. Mmoja kauliza kama hakuna ndege wengine wa kutazama.

Mzee wa Tuta, Mwenyezi Mungu akuweke. Nilikwenda kumtazama dume wa ng'ambo kabla ya kikao na kweli alikuwa bado juu ya mayai. Kikaoni nilianza na hoja ya ndege, wakacheka. Nikaja na hoja ya kingo za mitaro, ile iliyobomoka mwaka jana na kumfunika mwenyekiti miche yake mwenyewe, hapo hoja ikaingia mara moja. Mlango ukafunguliwa nusu, na mwenye ufunguo anakuja asubuhi tu. Maji yameshuka pole pole. Jaruba langu limepata maji siku mbili baada ya wenzangu wa juu, si kitu, nilikuwa sijamaliza kuburuga.

Kijana wa perege alikuwa akipasulia palepale ulipopataja! Sijui umemuona wapi. Alikasirika nilipomwambia, halafu alipoona mama yake yuko nyuma yangu akakubali. Sasa anapasulia nyumbani na paka wa kwao wamenenepa. Kunguru bado wanapita lakini hawakai.

Vifaranga wa upande wangu nawaona watatu. Wa nne sijamwona tangu Jumapili na sitaki kumbuni aliyemchukua. Watatu hao wanatembea mbali na baba mpaka mtu anashikwa na hofu, na ile hila ya kuzama nimeishuhudia: mpwa wangu alirusha jiwe majini, si kwao, mbali, nao wakatoweka. Tukakodoa macho mpaka akasema "shangazi, kile kijiti kinapumua." Sasa yeye ndiye mlinzi mkuu, na beseni limerudi kufulia. Kuhusu yule dume wa ng'ambo, rundo lake limeinama upande mmoja na naona anaongeza majani kila nikimtazama, anayang'oa huku na huku na kuyachomeka chini. Jike alikuja mara moja, akafukuza kukuziwa aliyekuwa anapita, akaondoka. Nikasema haya, angalau hilo.

Wa Konde, yangeyange wa kwetu hawazalii hapa, wanakuja kufuata trekta tu. Mwembe wako ubaki huko huko.

Sasa swali la pili kwa Mzee. Chekeamwezi tunao, filimbi ile nimeisikia tangu nikiwa mtoto na bibi yangu akitukataza kuijibu. Nimetafuta na nimepata mayai mawili juu ya tuta, karibu na njia ya baiskeli, udongo mtupu kama ulivyosema. Tuta linafyekwa Jumamosi kwa mashine. Niweke kijiti chenye kitambaa chekundu pale pale ili mfyekaji aone?

---

Mzee_wa_Tuta:

Pale pale hapana. Kunguru anasoma kitambaa kabla ya mfyekaji. Weka mawe mawili makubwa, moja kila upande, hatua kumi kumi kutoka kwenye mayai, umwambie mfyekaji kwa mdomo kwamba baina ya mawe haya mashine isipite. Ukienda usiende moja kwa moja na kurudi kwa njia ileile, pita na endelea mbele, maana nguchiro hufuata nyayo. Na usisimame muda mrefu: ukiona mkubwa ameinamisha kichwa na kukimbia chini chini basi ameshakuona zamani, ondoka arudi kwenye mayai kabla jua halijayachemsha.

Majani ya baina ya mawe yakiwa marefu sana mpaka kamati ikalalamika, yafyekwe kwa panga baadaye, watoto wakishahama. Kazi hiyo wapewe wale wa baraza, wameshaizoea njia ya kupanda tutani.